Jino la Mama na Dawa ya Mifupa

Barua tunayoijibu leo imetoka kwa mfanyakazi mmoja wa kiwandani hapa Dar es Salaam, lakini mambo yaliyomo ndani yake ni ya Kwamsisi, anakoishi mama yake mzazi. Kwamsisi ziko mbili katika Mkoa wa Tanga. Moja ni kata ya mji wa Korogwe, na nyingine ni kata ya Wilaya ya Handeni, na si ajabu kumsikia hata mwenyeji wa mkoa huo akiuliza, "Kwamsisi ipi?" Ndugu aliyetuandikia alizaliwa katika ile ya Handeni. Mama yake alihamia ile ya Korogwe kwa binti yake, baada ya kuvunjika mkono, ili awe karibu na hospitali.

Habari yenyewe ni hii. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 67, aliteleza uani wakati wa mvua, akajikinga kwa kiganja, na mkono ukavunjika karibu na kifundo. Miezi michache baadaye alianza kulalamika mgongo, na wanawe wakaona kuwa kimo chake kimepungua. Alipoletwa Dar es Salaam na kupigwa picha ya eksirei, ilionekana kuwa pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea, wala hakukumbuka kuanguka tena au kubeba mzigo mzito. Waganga wakamwambia kuwa mifupa yake imedhoofika, wakamwandikia vidonge vya alendroneti vya miligramu 70, ameze kimoja kila wiki. Yeye akachagua siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, ili asisahau. Amefanya hivyo kwa muda wa miaka miwili bila ya kukosa.

Sasa jino limeuma. Ni gego la chini, upande wa kulia, ambalo limetoboka siku nyingi na yeye amekuwa akilivumilia kwa karafuu na kwa kutafunia upande wa pili. Tabibu wa meno aliyemwendea alimwuliza ni dawa gani anazotumia, na mama, kwa kuwa hana la kuficha, akatoa pakiti mkobani. Tabibu akaweka koleo chini, akasema kwamba hawezi kuling'oa jino hilo mpaka kwanza awasiliane na mganga aliyeandika dawa hiyo. Mama akarudi nyumbani na maumivu yake, tena amekasirika. Ndipo jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alipompa shauri: aache vidonge kwa mwezi mmoja, kisha aende kwa tabibu mwingine, na huko asitamke neno lolote juu ya dawa ya mifupa. Hadi barua hii inaandikwa, mama alikuwa amekwisha kuruka Ijumaa mbili.

Mwanawe anauliza mambo matatu. La kwanza, je, shauri la jirani lifuatwe? La pili, dawa ya mgongo ina uhusiano gani na jino? La tatu ni dogo, juu ya mswaki, nasi tutalifikia mwishoni.

Jibu la swali la kwanza ni hapana, na tunamwomba ndugu huyu ampigie mama yake simu leo hii, hata kabla hajaumaliza ukurasa huu. Jibu la swali la pili linahitaji maelezo, maana hata baadhi ya watumishi wa afya hulijua nusu nusu, na mtu ajuaye nusu aghalabu humtisha mgonjwa kuliko asiyejua kitu.

Wengi wetu hudhani mfupa ni kitu kilichokufa, mfano wa jiwe, labda kwa sababu mifupa tunayoiona kila siku ni ile ya kwenye mchuzi. La hasha. Mfupa ulio mwilini ni kitu hai, nao hukarabatiwa usiku na mchana kama ikarabatiwavyo nyumba ya miti na udongo. Mwenye nyumba ya namna hiyo anajua kuwa ukuta uliopasuka haukandikwi juu kwa juu. Kwanza hubanduliwa udongo uliokufa, fito zilizoliwa na mchwa zikatolewa, ndipo udongo mpya ukakandikwa. Ndani ya mfupa zimo chembe hai za aina mbili zinazofanya kazi hiyo: wabomoaji, ambao hula sehemu iliyochakaa, na wajenzi, ambao hujaza mahali palipoliwa. Katika ujana makundi haya huenda sawasawa. Mwanamke anapokoma hedhi, ile homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, nao huwashinda wajenzi. Mfupa huzidi kuwa na vitundu ndani, ingawa kwa nje unaonekana ule ule. Hali hiyo waganga huiita ostioporosisi. Huwapata wanaume pia wakizeeka, na huwapata mapema zaidi watu waliotumia prednisoloni kwa muda mrefu, kwa pumu au maradhi mengine.

Alendroneti ni mojawapo ya dawa za jamii ya bisifosfoneti. Dawa hizi hunata kwenye mfupa wenyewe, na mbomoaji anapoula mfupa huo humeza dawa pamoja nao, akalemaa. Wajenzi hupata nafasi ya kupumua. Wala faida yake si ya kubahatisha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996 nchini Marekani uliwafuata kwa muda wa miaka kama mitatu wanawake 2,027 ambao pingili zao za mgongo zilikuwa zimekwisha kubonyea kama za mama yetu huyu. Waliopewa alendroneti walivunjika nyonga kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Basi hapo ndipo lilipo fumbo la jino. Ubomoaji, ambao kwa mgongo wa mama ni adui, una kazi yake ya halali mahali pengine. Jino likishang'olewa, huacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Kingo za shimo hilo zimechubuliwa na koleo, na ili lijae mfupa mpya hapana budi wabomoaji wapite kwanza wakasafishe. Wakiwa wamelemazwa, usafishaji huchelewa. Tena taya si mfupa kama mifupa mingine. Hujikarabati upesi kuliko mifupa mingi ya mwili, kwa hiyo hunyonya dawa kwa wingi. Limefunikwa na ufizi mwembamba tu, na kinywa kimejaa vijidudu hata kikisafishwa namna gani. Mfupa wa paja hauoni mwanga isipokuwa kwa ajali au kwa kisu cha mpasuaji, lakini mfupa wa taya hufunuliwa kila linapong'oka jino. Kwa watu wachache, shimo hilo halifungi. Mfupa hubaki wazi, ukawa mweupe au wa manjano, na kipande chake kikafa. Waganga wamekubaliana kuuhesabu kuwa ni ugonjwa huo ikiwa mfupa umebaki wazi kwa zaidi ya majuma manane kwa mtu anayetumia dawa hizi, au aliyepata kuzitumia, na ambaye taya lake halikupata kuchomwa kwa mionzi.

Aliyeutangazia ulimwengu jambo hili ni Robert Marx, mpasuaji wa taya wa Miami huko Marekani, mwaka 2003, alipoandika juu ya wagonjwa 36 aliowaona. Lakini tuangalie vizuri: wengi katika wale 36 hawakuwa kina mama wa vidonge vya kila wiki. Walikuwa wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dawa za jamii hiyo hiyo kwa njia ya mshipa, kwa kiasi kikubwa na mara nyingi.

Tukiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo, wafanyakazi wa viwandani wa zamani wangeutambua ugonjwa huu mara tu wakiuona. Katika karne ya 19 viberiti vya Ulaya vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na waliokuwa wakivuta mvuke wake mwaka baada ya mwaka walianza kuumwa jino, kisha ufizi ukatumbuka, kisha mfupa wa taya ukaoza na kutoa harufu iliyowafanya watengwe na jamaa zao. Mwezi wa Julai mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May cha London waligoma kwa sababu ya mishahara duni na faini. Miongoni mwa mambo waliyopata ni chumba cha kulia chakula mbali na mahali pa kazi, ili fosforasi isiingie midomoni pamoja na mkate. Miaka kumi baadaye, mwaka 1898, kampuni hiyo ilitozwa faini na mahakama kwa kuficha wagonjwa 17 wa taya. Sheria ya kupiga marufuku fosforasi nyeupe ilipitishwa Uingereza mwaka 1908, ikaanza kufanya kazi mwaka 1910. Dawa ya mifupa si fosforasi nyeupe, wala mama wa Kwamsisi asiamshwe usiku na hadithi hii. Lakini mfanano wa magonjwa hayo mawili uliwashangaza waganga, na Marx mwenyewe ameuandikia.

Sasa tuitazame hatari yenyewe kwa tarakimu, maana hofu isiyo na hesabu ndiyo inayompeleka mtu kwa jirani. Chama cha wapasuaji wa kinywa na mataya cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinakadiria kuwa kati ya watu 10,000 wanaotumia bisifosfoneti kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, wanaopatwa na kufa kwa mfupa wa taya ni kama wawili hadi watano. Kwa wale wanaong'olewa jino wakiwa katika dawa, hatari huongezeka, lakini bado ni chini ya watu wawili kati ya 1,000. Kwa wagonjwa wa saratani iliyoingia mifupani, wanaopewa dawa nzito ya mshipani kila mwezi, mambo ni mengine: hesabu huwa mmoja au zaidi katika kila mia. Hao hawapaswi kuguswa jino lolote bila waganga wao wa saratani kujua, na barua hii si yao.

Tuweke upande wa pili wa mizani. Katika nchi zinazoweka hesabu nzuri za mambo haya, karibu mmoja kati ya kila wazee watano waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kutimia. Anayepona aghalabu harudii mwendo wake wa kwanza. Msomaji aliyepata kumwuguza mzazi wa namna hiyo katika nyumba ya vyumba viwili, kumgeuza, kumwogesha, kumpeleka msalani mvua ikinyesha, hahitaji kuelezwa zaidi. Binti wa Korogwe angeacha biashara yake, na kaka yake wa Dar es Salaam angeacha nusu ya mshahara. Mtu anayetupa kidonge kwa kuogopa taya amekimbia mwiba akakanyaga msumari.

Na je, mwezi mmoja wa kuacha dawa ungesaidia nini? Kwa alendroneti, takriban hakuna. Dawa hii ikishanata mfupani hutoka polepole mno, na nusu ya kiasi kilichomo huchukua miaka ipatayo kumi kutoka. Ijumaa mbili alizoruka mama hazikubadilisha chochote katika taya lake. Ziko hali ambazo mganga mwenyewe humsimamisha mgonjwa, hasa aliyetumia kwa miaka mingi au anayetumia na prednisoloni pia, lakini uamuzi huo ni wa mganga, akiwa na karatasi za mgonjwa mbele yake.

Lililo baya katika shauri la jirani ni lile neno la pili, la kunyamaza. Tabibu asiyejua atang'oa kama anavyong'oa siku zote, atamwambia mama aume pamba, na hatamtaka arudi. Tabibu anayejua atafanya kazi ile ile kwa namna nyingine, kama tutakavyoeleza.

Tuseme na neno juu ya tabibu wa kwanza. Alifanya vizuri kuuliza, na alifanya vizuri kuweka koleo chini. Kama lipo kosa lake, ni kumwacha mama aondoke bila dawa ya maumivu, bila barua ya kumpeleka mbele, na bila siku ya kurudi. Mgonjwa aliyeambiwa "haiwezekani" na asiambiwe kinachowezekana, hutafuta mlango mwingine. Tena jino lenye usaha si kitu cha kungojea. Uchafu wa jino bovu hushuka mpaka kwenye mfupa, na uchunguzi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba mara nyingi ni ule uambukizo uliokuwamo tangu zamani ndio unaoanza kuliua taya, hata kabla ya koleo. Kukataa kung'oa kwa miezi sita kwa sababu ya hofu kunaweza kuleta jambo lile lile linaloogopwa.

Kwanza kabisa iulizwe: ni lazima jino hilo ling'oke? Kwetu sisi, kwa watu wengi, kwenda kwa mganga wa meno kuna maana moja tu. Watu huchelewa mpaka shavu livimbe, na wakifika, kung'oa ni rahisi na kunamaliza shauri siku hiyo hiyo. Kuziba kunahitaji vifaa, mashine inahitaji umeme na maji, na mgonjwa mwenyewe hataki kurudi mara ya pili. Hali hii ndiyo iliyowafanya wataalamu wa mpango wa afya ya meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, wajaribu njia nyingine mkoani Morogoro. Waliacha mashine kabisa. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno, mgonjwa akiwa amelala juu ya meza ya kawaida. Baadaye njia hiyo ilitumika katika nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani liliipa kibali chake mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani. Wengi wanaofaidika nayo huko ng'ambo hawajui kuwa ilianzia kwetu, na tunaogopa kuwa hata wengi wetu hatujui.

Kwa mtu anayetumia dawa ya mifupa, kuziba jino hakuna hatari yoyote kwa taya, kwa sababu mfupa haukuguswa. Kusafisha meno na kuondoa ukoga uliogandamana ni vivyo hivyo. Ikiwa uozo umefika katika mshipa wa ndani wa jino, liko tendo la kusafisha mizizi kwa ndani na kuijaza, bila kuling'oa jino. Tiba hiyo ya mizizi hupatikana katika hospitali kubwa na kwa waganga binafsi mijini, na gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya kung'oa. Hatutaki kumdanganya ndugu yetu katika hilo. Lakini yeye na dada yake wakae wapige hesabu, wauliziane katika Hospitali ya Magunga hapo Korogwe, na ikishindikana katika Hospitali ya Mkoa ya Bombo, Tanga, kama jino hilo laweza kuokolewa na kwa kiasi gani, kabla ya kukata shauri.

Na ikiwa jino limekwisha haribika, limevunjika mpaka chini ya ufizi, linacheza na kutoa usaha, basi ling'olewe. Vidonge si kizuizi. Tabibu aandae mambo mapema: kinywa kisafishwe siku kadhaa kabla, na usaha utibiwe kwa dawa kama amoksilini akiona inafaa. Jino litolewe taratibu bila kuupasua mfupa, kingo zenye ncha zisawazishwe, na ufizi ushonwe ili ufunike shimo kadiri inavyowezekana. Kama meno mabovu ni mengi, si vema kuyang'oa yote kwa siku moja. Baada ya hapo mama asukutue kwa dawa ya kuua vijidudu, iitwayo klorheksidini, au kama haipatikani, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kuanzia siku ya pili. Arudi aangaliwe baada ya juma moja, na tena, mpaka tabibu aone kwa macho yake kuwa ufizi umefunga. Kwa watu wengi sana utafunga, polepole pengine, lakini utafunga.

Dalili za kumrudisha mbio ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe, usaha, meno ya jirani kuanza kulegea, na mdomo wa chini kufa ganzi bila sindano. Mara nyingine mgonjwa huugundua ulimi wake umegusa kitu kigumu kinachokwaruza, akadhani ni kipande cha jino kilichosahauliwa. Asikichokoe. Na hata akipatikana nacho, matibabu yapo, na wengi hutulia kwa usafi na dawa, wengine kwa kuondolewa kipande cha mfupa kilichokufa.

Wenye meno ya bandia nao wasijione wamesalimika kwa kuwa hawana la kung'oa. Taya la chini, kwa ndani, upande wa ulimi, lina mahali ambapo ngozi ni nyembamba mno, na meno ya bandia yanayopwaya husugua hapo mpaka yafunue mfupa. Yarekebishwe, na usiku yavuliwe.

Kuna dawa moja ambayo kanuni yake ni tofauti, na hapa tunaomba wasomaji wasome polepole. Inaitwa denosumabu, nayo ni sindano ya chini ya ngozi inayochomwa kila miezi sita. Tunaitaja kwa sababu wako wazee wanaoanzishwa dawa hiyo na watoto wao walio ng'ambo, au katika hospitali za Dar es Salaam, kisha wakarudi nyumbani mikoani. Tofauti na alendroneti, hii hainati mfupani. Nguvu yake ikiisha, wabomoaji huamka wote kwa pamoja kama nzige, na wako wagonjwa waliobonyea pingili kadhaa ndani ya miezi michache baada ya kuikosa sindano. Kwa hiyo mtu wa denosumabu asiambiwe kamwe, "Acha sindano kwanza mpaka jino lipone," kisha akaachwa hivyo hivyo. Shughuli ya jino hupangwa katikati, miezi mitatu au minne hivi baada ya sindano ya mwisho, ili ufizi uwe umefunga wakati wa sindano inayofuata. Sindano hiyo isipitishwe zaidi ya mwezi mmoja baada ya siku yake. Anayetaka kuiacha kabisa huhamishiwa dawa nyingine na mganga.

Wale ambao bado hawajaanza dawa yoyote ya mifupa wana bahati ambayo mama huyu hakuipata. Kabla ya kidonge cha kwanza, nenda ukaangaliwe kinywa chote. Meno ya kuziba yazibwe, mizizi iliyobaki kama visiki itolewe, na ufizi uachwe ufunge, jambo linalochukua majuma mawili au matatu. Majuma hayo si kitu katika ugonjwa wa miaka mingi. Mganga wa mifupa anayeandika dawa hii bila kumwambia mgonjwa afungue kinywa amefanya kazi nusu, na mgonjwa ana haki ya kumkumbusha.

Turudi Kwamsisi. Mama aendelee na Ijumaa zake. Kidonge akimeze akiwa hajala kitu, kwa gilasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, na akae wima au atembee uani kwa nusu saa kabla ya kula, maana kikikwama kooni huunguza. Aende kwa tabibu yule yule wa kwanza, kwa kuwa ameshamjua, akifuatana na binti yake, wakiwa na pakiti ya dawa, na karatasi iliyoandikwa mwezi na mwaka alioanza, na namba ya simu ya mganga wa Dar es Salaam. Awaambie pia kama ana kisukari, kama anatumia prednisoloni, na kama anavuta au anatafuna tumbaku, kwa sababu mambo hayo matatu huchelewesha jeraha la kinywa kupona. Karafuu zinatuliza, hatuzikatai, lakini asitie tembe ya asprini juu ya ufizi kama wafanyavyo wengine, maana inaubabua.

Na lile swali la tatu: mama hupiga mswaki wa mti tangu utotoni, na wajukuu wanamwambia auache atumie wa dukani. Hana haja ya kuuacha, mradi ncha yake itafunwe mpaka iwe laini kama brashi, ikatwe kila siku, na asichome ufizi. Ila aongeze dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, usiku ikiwa mara ya mwisho kabla ya kulala. Wajukuu nao, kama kweli wanampenda bibi yao, wamsaidie kuyaangalia magego ya nyuma kwa tochi.

Msomaji wa Mtwara aliyetuuliza juu ya mtoto anayesaga meno usingizini, jibu lake litatoka Jumapili ijayo, nafasi ikiruhusu.